Kabla Babu Hajahamia Arizona

Jumatatu, 7 Agosti

Tiketi zimepatikana! Tano, za mechi ya besiboli Jumapili, safu za juu upande wa kituo cha kwanza, chini ya paa. Mama kazinunua akiwa kazini, kisha kanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujuta. Wadogo zangu bado wachanga: Milo ana miaka sita, Cora minne. Watachoka kabla ya awamu ya tatu, kasema. Na watakuwa wamesahau yote kabla hatujavuka daraja kurudi.

Watasahau. Neno hilo limenifuata kutwa.

Babu anaondoka Jumanne ijayo. Anahamia Arizona kwa Mjomba Andy, kwa sababu hewa ya huko ni kavu na kifua chake hakiiwezi tena baridi ya Pittsburgh. Sote tunakubali kwamba ni uamuzi wa busara. Sote tunauchukia.

Mimi nilikuwa na miaka minne Babu aliponipeleka uwanjani mara ya kwanza. Nakumbuka nini? Nimekaa kitandani nikajaribu. Kijani — kijani cha nyasi ambacho sijakiona tena popote. Harufu ya vitunguu vikikaangwa. Mkono wa Babu, mkavu, wenye harufu ya grisi, maana alikuwa fundi wa lifti. Na aiskrimu ndani ya kofia ndogo ya plastiki yenye rangi za timu. Kofia ninayo mpaka leo, natilia pini za nywele. Tulishinda? Sijui. Nani alicheza? Sijui.

Kwa hiyo mtoto wa miaka minne hukumbuka. Si yote, lakini hukumbuka! Nataka Milo na Cora wabaki na Babu namna hiyo. Babu wa uwanjani, mwenye maganda ya karanga mapajani. Si Babu wa kwenye simu, anayeuliza kama tunakula vizuri.

Jumatano, 9 Agosti

Nimeanza kuwafundisha. Mito ya makochi ndiyo vituo. Cora akifika kituo cha pili hujilaza na kudai amelala. Milo ni mwepesi! Nimemchorea ubao wa matokeo kwa chaki barazani: mbio, mapigo, makosa. Baada ya chakula cha mchana alikuwa anausoma bila kusaidiwa, kidole kikifuata mstari. Mbio, mapigo, makosa. Mbio, mapigo, makosa. Kaimba mpaka kwenye beseni la kuogea.

Babu alikuwa kwenye kiti chake, anatutazama. Akasema mwalimu huyu mkali, angekuwa wake angetoroka shule.

"Babu, usinicheke."

"Sicheki, mjukuu wangu. Nakohoa."

Alikuwa anafanya yote mawili.

Ijumaa, 11 Agosti

Leo tumefungasha jikoni kwa Babu. Redio tumeiacha mwisho kabisa, juu ya jokofu, pale pale ilipokuwa tangu Mama akiwa msichana. Anasema wakati wa kiangazi hakuhitaji saa. Akipita barabarani alisikia sauti ya mtangazaji wa mechi dirisha kwa dirisha, nyumba zote za mtaa, na hakukosa pigo hata moja mpaka mlangoni kwao. Siku hizi madirisha yamefungwa, kila mtu ana kiyoyozi.

Katika kabati la chini nimekuta glovu ya Babu, mpira umo ndani, imefungwa kamba ya kiatu ili isipoteze umbo. Mama kainusa, akatoka jikoni.

Tukila mkate Babu alisema ameona kila kitu katika uwanja ule isipokuwa jambo moja. Nikauliza lipi. Akasema halitajwi wiki ya mechi. Mama kanieleza baadaye tukiosha vikombe. Ni pale mrushaji wetu anapowanyima wageni tangu mwanzo hadi mwisho — hakuna hata mpigaji wao mmoja anayepiga mpira na kufika kituoni. Awamu zote tisa! Mtu anaweza kwenda uwanjani maisha yake yote asilione. Na likianza kutokea, hakuna anayelitaja. Ukilitaja, umelivunja. Mama ana shahada ya kemia, na alikuwa ananong'ona.

Jumamosi, 12 Agosti

Utabiri: mawingu, huenda mvua. Mama kaweka makoti mlangoni.

Cora kauliza kama Arizona kuna Babu mwingine. Nikamwambia hapana, ni huyu huyu ndiye anakwenda. Akasema basi si haki.

Jumapili, 13 Agosti

Naandika nikiwa uwanjani, juu ya magoti! Mwalimu Petrak husema jambo liandikwe siku ile ile, kabla kumbukumbu haijaanza kujipamba. Na sasa nina muda. Mvua inanyesha na mchezo umesimama. Nianze mwanzo.

Baba yuko zamu, kwa hiyo tumekuja watano. Tulivuka daraja la manjano kwa miguu, kama zamani. Babu alisimama mara kadhaa. Akasema anatazama mto.

"Babu, mto ni ule ule," Milo kamwambia.

"Ndiyo, bwana mdogo. Na mimi nataka kuhakikisha."

Tulipotokea juu ya ngazi na uwanja wote ukafunguka chini yetu, nikamtazama Cora usoni. Akasema: "Nani kaupaka rangi?" Kijani, basi! Kakiona!

Yakafuata mema matupu. Babu alimfundisha Milo kupasua karanga kwa meno na kutupa maganda chini, jambo ambalo Mama haruhusu popote duniani ila hapa. Zikaja mbio za pierogi, wale watu waliovaa kama maandazi makubwa ya viazi, na Cora akauliza wanakimbiaje bila magoti. Aiskrimu ikaja katika kofia ya plastiki. Kaila yote, kaikosha kofia kwa ulimi, kamvisha Babu kwenye dole gumba. Babu bado kaivaa.

Awamu ya tano nikahisi kitu. Babu hakupasua karanga tena. Mama hakuuliza kama kuna anayetaka kwenda msalani. Watu walikuwa kimya, kimya cha kanisani kabla ya kengele. Brannock, mrushaji wetu, alikuwa amekaa peke yake mwisho wa benchi na wenzake wote wamejibana upande wa pili kama ana ndui. Nikatazama ubao, mstari wa wageni wetu, Cincinnati. Nikaelewa.

Kisha nikamtazama Milo.

Nimemfundisha vituo, nimemfundisha mbio na makosa. Hili sikumfundisha. Na sasa nimwambieje? Ningemwonyaje asitaje jambo bila kulitaja? Nikatafuta maneno. Nilikuwa bado nayatafuta mwisho wa awamu ya sita, alipopanda juu ya kiti na kunyoosha kidole.

"Thea! Nimesoma mwenyewe! Cincinnati — mbio sufuri, mapigo SUFURI! Hawajapiga hata moja!"

Lo! Safu tatu zilipiga yowe. Jamaa wa nyuma yetu, mwenye jezi iliyopauka, alijifunika uso kwa kofia.

"Nani kamleta huyu? Nauliza, nani kamleta?"

"Mtoto, umetuua," mama mmoja akasema, na soseji yake hewani.

"Mpeni karanga ajaze mdomo!"

Nusu utani. Nusu si utani. Milo alishuka kitini taratibu.

"Thea, nimesoma vibaya?"

"Hapana. Umesoma sawasawa."

Ndilo lililoniuma. Alisoma sawasawa.

Babu akageuka nyuma. Kugeuka kwake siku hizi ni safari.

"Bwana, mimi nakuja hapa tangu mama yako hajavuliwa nepi. Hilo lililosemwa sijaliona maishani. Mwenye haki ya kulia hapa ni mimi. Umeniona nikilia?"

"La, mzee."

"Basi mpe mjukuu wangu mkono."

Jamaa alimpa Milo mkono, akasema samahani, kaka. Babu akamvuta Milo karibu, akamnong'oneza sikioni kwa muda mrefu. Sikusikia. Niliona macho ya Milo yakipanuka. Kisha akaweka mikono yote miwili juu ya mdomo wake, mmoja juu ya mwingine.

Hajaitoa tangu hapo! Awamu ya saba uwanja wote uliposimama kuimba, kama ilivyo desturi, aliimba puani. Brannock akawaondoa watatu. Awamu ya nane akawaondoa wawili, na yule wa pili aliupiga juu sana, nikafumba macho, nikasikia mpira ukiangukia glovuni. Jamaa wa nyuma alimgusa Milo begani. Wamebaki wanne tu! Kisha mvua ikamwagika, kama mtu kapindua ndoo. Wakaburuta turubai kufunika uwanja, wachezaji wakatoweka. Ubao ungali pale, sufuri yake ingali pale.

Sasa muda umepita. Watu wengi wameondoka. Paa letu linavuja pembeni, na upepo unaleta unyevu. Cora kalala kifuani kwa Babu, nacho kifua hicho kinapiga mluzi, nausikia nikiwa viti viwili mbali. Mama pia anausikia.

Kasema: "Baba, twende. Tutasikiliza redioni."

"Mtu haondoki kabla ya —" Babu kaanza. Sheria yake. Mtu haondoki kabla ya mpigaji wa mwisho. Nimeisikia tangu sijajua kusoma. Hakuimaliza. Kikohozi kimemshika, kirefu, mpaka Cora kaamka na kulala tena. Kisha kasema kitu ambacho sijawahi kumsikia akisema. Kasema labda Mama yuko sahihi.

Mama ameingiza mkono mmoja kwenye koti. Mkono wa pili haujaingia. Ananitazama mimi, kama mimi ndiye mtu mzima.

Naandika ili nisijibu.

Vijana wa turubai wametokea. Wamesimama ukingoni, wanatazama mbingu, hawajaligusa. Nadhani mvua imepungua. Au natamani tu.

Babu kainama, kofia ya aiskrimu ingali kwenye dole gumba.

"Haya, bwana mdogo. Wewe ndiye msomaji wetu. Twende?"

Milo anatazama ubao. Anatazama turubai. Sasa anamtazama Babu, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma mstari kwa kidole. Mikono miwili mdomoni, anatikisa kichwa: hapana, hapana, hapana.