Uzi wa Kijani kwenye Fomu ya Mtihani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na cherehani haikutesi tena. Dada hajambo? Mwambie sweta lake limeshanizoea, asiliulizie. Mimi mzima, ila nina jambo, na safari hii sipindishi maneno.

Unajua mwezi ujao tuna mtihani wa kemia wa vitendo. Tunajaza asidi kwenye bureti, lile bomba refu la kioo lenye koki chini, kisha tunaidondosha kwenye chupa ya besi yenye matone mawili ya kiashiria, dawa inayobadili rangi. Rangi ikigeuka kutoka njano kuwa ya chungwa, unafunga papo hapo na kusoma kiasi ulichotumia. Ukizidisha, imekula kwako. Nikianguka hapo, ufamasia niusahau.

Wiki iliyopita mwalimu wetu, tunayemwita Mizani kwa kuwa hataki kusikia neno "karibu", alirudisha madaftari. Mimi nilikuwa nimeandika ishirini na nne nukta sita kwa majaribio yote matatu. Akaniuliza mbele ya darasa kama nimezaa mapacha watatu. Kumbe alikuwa amempa kila mmoja wetu asidi ya nguvu tofauti, na jibu langu lilikuwa la chupa ya jirani yangu wa mezani! Akaniambia nirudie kesho yake peke yangu, la sivyo jina langu linatoka kwenye orodha ya mtihani.

Nilikwenda. Nikasuuza bureti kwa asidi yenyewe, nikaweka karatasi nyeupe chini ya chupa, nikaanza kudondosha. Kumi na tano, ishirini, ishirini na tano. Mizani akaniuliza nangoja nini. Nikamjibu nangoja igeuke. Akasema imegeuka zamani.

Hapo nikatoa yote. Nilimwambia sijawahi kuiona ikigeuka hata siku moja, na muhula mzima nimekuwa nikisubiri jirani ashushe pumzi afunge koki, kisha nachungulia namba yake. Nililia, mama, kwa aibu. Lakini nikamwambia pia kwamba kemia siachi, anifukuze yeye.

Hakunigombeza. Alifungua kabati akatoa kiashiria kingine, kinachotoka bluu kuwa njano. Nikaosha chupa, nikaanza upya. Kumi na nane nukta mbili. Kumi na nane nukta moja. Kumi na nane nukta moja tena. Niliiona kwa macho yangu! Nilipiga ukelele mpaka mlinzi akachungulia dirishani.

Mizani anasema nimezaliwa na macho yasiyotofautisha baadhi ya rangi, na kwamba tukiomba mapema naweza kuruhusiwa kutumia kiashiria hicho kwenye mtihani. Fomu nimeiweka humu. Naomba uijaze na kuirudisha kabla ya Ijumaa ijayo. Kuna swali moja linauliza mzazi aligundua lini.

Unakumbuka gauni la kijani la yule muuguzi? Ulinituma uzi nikakuletea wa kahawia, ukanizaba kibao mbele yake, na tangu siku ile nyumbani naitwa Bwana Mzembe. Kile kibao kiliniuma miaka yote, sikufichi, maana hata mimi niliamini ni uzembe. Sasa nakihitaji. Usiliache swali lile wazi, mama, wala usilie juu ya karatasi. Andika siku ile.

Nisalimie dada na majirani wote wa kibarazani. Nakupenda sana.

Ni mimi mwanao,
aliyekuwa Bwana Mzembe