Nishani Zangu Ndani ya Beseni la Ukwaju

Jumamosi. Joto la leo halina adabu, na mimi naandika nikiwa sijui kama nimekasirika au nimefurahi.

Wanaonisoma hapa wanaujua ugonjwa wangu: nishani kuukuu za majeshi ya Ulaya. Nyingi nimezipata Mji wa Kale, katika duka la vitu vya kale, zikiwa zimelala bakuli moja na funguo zisizo na kufuli. Za Wajerumani, za Wafaransa, za Wabelgiji. Mke wangu Rukia huziita vyuma vya marehemu.

Sisi tunaozikusanya tuna mwiko mmoja: nishani haisuguliwi. Ule weusi ulioingia kwenye fedha na shaba ndio umri wake. Ukiutoa, unabaki na kipande cha chuma kinachong'aa, na hakuna mkusanyaji atakayekitazama mara mbili.

Mama mkwe wangu, Bi Maimuna, haujui mwiko huo.

Alipotoka eda ya baba mkwe tulimleta hapa Ganjoni akae nasi. Mwili ulikuja, mwenyewe hakuja. Alishinda chumbani akitazama ukuta. Chakula alikionja, akakisogeza. Mwanamke ambaye mtaani kwao harusi haikuanza mpaka afike, sasa hakuuliza hata kama kumekucha. Rukia alikuwa akifungua bomba la jikoni ili kilio chake kisisikike. Tulianza kuogopa kwamba tutampoteza naye.

Leo mchana nimerudi kutoka kazini bandarini, nikapokewa mlangoni na harufu ya ukwaju. Nikadhani kuna mchuzi. Kumbe Bi Maimuna ameketi roshani, jivu la jiko pembeni, nishani zangu zimo ndani ya beseni la ukwaju, anazisugua kama wanavyosugua masinia ya shaba kabla ya harusi. Tepe za hariri za hizo nishani amezibandua, akazifua kwa sabuni na kuzianika pamoja na soksi zangu, kila moja na kibanio chake. Msalaba wa Kijerumani, ambao ni mweusi kwa sababu ulipakwa rangi nyeusi tangu ulipotengenezwa, ameudhania masizi. Ameukwangua mpaka chuma kimetoka.

Nilikasirika. Nilikasirika sana. Angekuwa mtu mwingine yeyote, majirani wa ghorofa zote wangenisikia. Lakini mama mkwe hapandishiwi sauti. Heshima ilinifunga mdomo, na katika kule kunyamaza ndipo nilipomsikia.

Alikuwa akiimba.

Kidogo tu, puani, nyimbo zao za kumwimbia bibi harusi. Rukia alikuwa amesimama nyuma ya pazia, leso mdomoni, akiniomba kwa macho nisiseme neno.

Bi Maimuna akainua uso. "Mwanangu, vitu vyenu vyote vimeingia weusi, na nyinyi mwatazama tu! Zimekwisha hizi? Hakuna nyengine?"

"Zipo, mama," nikamwambia.

Nikaenda kabatini nikamletea boksi la mwisho, lile ambalo hata Rukia haruhusiwi kuligusa. Sitajifanya shujaa. Iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika. Lakini niliwafikiria pia wake za wale wanajeshi. Pengine yuko aliyeachiwa kipande kama hiki, naye akakaa dirishani akikisugua ili mikono ipate kazi.

Jioni amekula sahani nzima. Halafu akamlaumu Rukia kwamba wali haukukolea chumvi. Rukia alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikaingia chooni nikalia kidogo.

Kwa kasi ile, boksi la mwisho halitafika kesho adhuhuri. Asubuhi nitapita Mji wa Kale. Mwenye duka amezoea kunitolea nishani zake bora, na najua atashangaa, lakini nitamwambia safari hii nataka zilizo chafu kuliko zote alizonazo.