Usitikiswe

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia ingawa nina hasira na wewe, na kunyamaza kwako kunaniongezea.

Unakumbuka Jumapili ile uliponiuliza kwenye simu ni kazi gani hasa ninayofanya huku ng'ambo? Nikakuambia ni kama kibuyu chako cha maziwa. Pale nyumbani Gehandu ulikisugua kwanza kwa kijinga cha moto, ndipo ukakamua. Mimi nachukua kipande cha shaba, nakichoma mpaka kitakate, ndipo naweka molekuli juu yake. Zinashikana zenyewe, zinakuwa wavu. Ukauliza nani anazipanga. Nikasema hakuna. Ukacheka, ukasema basi zina akili kuliko ukoo wetu.

Mdomo wangu ukaniponza. Nikajisifu kwamba hadubini ya kuzipiga picha ina ncha nyembamba inayopita juu yake bila kuzigusa, na mtu akibamiza mlango tu, picha imeharibika.

“Kwa hiyo usitikiswe,” ukasema.

Nikakubali.

Halafu ukaugua. Kwetu mwanafunzi hapewi habari ya msiba mpaka amalize mtihani, hilo nalijua. Lakini kaka alitaka kunipigia akiwa kando ya kitanda chako hospitalini Katesh, ukamkataza. Amenipa maneno yako yalivyo: “Mwacheni, anapiga picha. Mkimtikisa ataharibu.”

Watu wazima wote wakakutii! Nikipiga naambiwa mama yuko shambani, mama kaenda kanisani, mama kalala. Nami nikaamini, mjinga mimi. Siku niliyompigia kaka kumtangazia kwamba picha imetoka, alinipongeza kwanza, kisha akalia. Ulikuwa na wiki mbili kaburini.

Nimewakasirikia wote, mama, ila wewe zaidi. Shaba ile ningeichoma tena. Molekuli zilikuwa zimejaa kichupani, zingejipanga tena hata keshokutwa. Ungeniuliza tu, ningekuambia.

Picha ni nzuri, watu wanaisifu. Vitundu vyenye pembe sita, safu kwa safu, hakuna hata kimoja kilichopinda. Kaka ameibandika ukutani, juu ya kibuyu chako. Nikifika nitaibandua, asinizuie mtu.

Ulale salama, nitajaribu kukusamehe. Ila ujue, mimi nilitaka kutikiswa.

Ni mimi, kitinda mimba wako, uliyeamuru aachwe atulie.