Eti Kura Yangu Nimeitupa Chooni

Flaviana, nina hasira we acha tu!

Natoka kwa wifi yangu anayekaa Jordbro, nje kidogo ya Stockholm, hata chakula sijamaliza.

Nimesema tu kwamba kura yangu ya urais wa Marekani, maana mimi bado raia wa kule, nimekipa chama cha tatu. Mumewe, Onyango, akaweka kijiko chini: “Umeitupa chooni.”

Chooni! Mbele ya wageni!

Nikamuuliza, “Mbona wewe hapa Sweden unapigia chama kidogo, na kimo bungeni?”

“Hapa hata chama kidogo hupata viti kulingana na kura zake. Kule vyenye nguvu ni viwili tu. Cha tatu hakishindi.”

Kwani sijui kwamba hakishindi? Wagombea wa hivyo viwili sikuwataka, basi!

Lakini kilichoniuma ni mume wangu, Eliakim. Alicheka. ALICHEKA, Flaviana!

Nimepanda treni peke yangu. Anapiga simu, sipokei. Akalale huko kwa washindi wake.