Nafasi Ndani ya Solo

Bauma, ndugu yangu,

Nimekuandikia, na sasa ninakusomea mbele ya watu. Wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyotolewa hapa uwanjani kwenu, Nyabiondo: wamama wa korali na vitambaa vyao vya rangi moja, wazee mbele, na wale rafiki zako wafugaji walioteremka kutoka juu na madumu ya maziwa. Leo tunaondoa matanga yako. Nimepewa kipaza sauti na ruhusa ya kusema, nami naona kwamba nikisema nao juu yako nitaishia kusema yale ya kila msiba, eti alikuwa mtu wa watu, hakugombana na yeyote. Uligombana na wengi, na karibu kila mara kwa sababu ya muziki. Basi nitasema nawe, wao wasikilize.

Nimeudhika, Bauma. Kwanza niliudhika na barabara. Tulikupakia kwenye pikipiki homa ikikuchoma, umekaa kati yangu na dereva, na pale mvua ilipokuwa imeikata njia ya kwenda Masisi tulisimama matope magotini, huku hospitali iko ng'ambo ya kilima, nawe hukuifikia. Njia hiyo ingali hivyo. Watu walikuja kuipima, wakapiga picha, wakarudi walikotoka. Hasira hiyo nimeishi nayo. Ya pili ni mpya, na inahusu sherehe hii yenyewe, niliyoiandaa pamoja na wajumbe wenzangu wa kamati. Ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Wewe unajua nitakalosema, lakini wageni waliotoka Walikale hawajui, kwa hiyo niruhusu niwaeleze. Katika muziki wetu, waimbaji wanapotulia na gitaa likashika njia peke yake, yaani solo, animateri huchukua kipaza sauti na kurusha mabanga. Anataja majina. Anamtaja mchungaji, anamtaja chifu, anamtaja mjomba wa bibi harusi aliyetoa mbuzi, na kila anayetajwa hunyoosha shingo kidogo. Tumekua hivyo. Harusi isiyo na mabanga, watu huuliza kama wenye nyumba wamenuna. Na animateri wetu ni Bahati, huyu aliyekaa pale karibu na spika, mwenye koo lisilojua kuchoka. Mmepiga pamoja tangu ujana. Amekupenda kuliko wengi wetu, na hakuna hata solo yako moja ambayo hakuizika chini ya majina.

Hukuwa mtu wa kudharau muziki wa kwetu. Vidole vyako viliwachezesha hata wajane wa Ngungu. Lakini ulikuwa na mapenzi mengine, uliyoyaokota Walikale mwaka tulipokimbilia huko na wazazi wetu. Palikuwa na fundi wa malori aliyefanya kazi huku kaseti za rock zikilia kwenye redio yake, kaseti zilizoshikwa na mikono ya grisi mpaka maandishi yote yakafutika. Hatukujua nani anapiga, wala wimbo unaitwaje, wala maneno yanasema nini. Mimi nilipenda kujua maneno. Wewe ulisubiri maneno yaishe. Mwimbaji aliponyamaza ulisimama wima, na fundi alicheka, akasema huyu mtoto anasikiliza gitaa kama mtu anayeitwa na mama yake.

Tuliporudi nyumbani ulikuja na kaseti moja ndani ya gunia la mihogo. Kwa kuwa solo zile hazikuwa na majina, ulizibatiza wewe. Moja uliiita Ng'ombe Anaita. Inaanza kwa sauti moja tu. Mpigaji anausukuma uzi juu polepole mpaka sauti inapinda, kama ng'ombe ambaye ndama wake amepelekwa sokoni. Ulipowapigia wafugaji wa juu, hawakuuliza ni muziki wa nchi gani. Mzee mmoja aliinuka kwenda kutazama zizi lake.

Nyingine ulisema ni Kupanda Ngungu. Hiyo inatoka chini, matopeni, inatembea kwa hatua fupi, inateleza na kurudi ilikotoka, inarudia yale yale mpaka msikilizaji anakasirika na kutaka ifike. Ikifika juu haipigi kelele. Inashika sauti moja na kukaa nayo, na wewe unaona mashamba yote chini yako. Ulishikilia kwamba mtu ambaye hajawahi kupanda mlima na mzigo wa maharagwe kichwani hawezi kuipenda solo hiyo. Nilikubishia siku nzima. Sasa nakubali, lakini nani wa kumwambia?

Na ya tatu, niliyoipenda mimi, ni ile inayokuja mwisho wa wimbo, mwimbaji amekwisha ondoka. Gitaa linabaki peke yake, kama yule jirani ambaye matanga yakiisha watu wote wanakwenda, yeye anabaki kuosha masufuria. Sauti inapungua, inapungua, na inapotea kabla mpigaji hajamaliza. Ulikuwa unaweka sikio kwenye spika kuhakikisha kama bado anaendelea upande wa pili. Nilikucheka. Tangu ulipofariki nimelifanya jambo hilo mwenyewe, mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri hapa.

Nilikuuliza mara moja, mimi mwalimu wa lugha, kwa nini vitu hivi visivyo na neno hata moja vinaniumiza kifuani. Ulikuwa unafunga kipande cha kabo, ule waya wa breki ya pikipiki, kwenye gitaa, maana nyuzi zilikuwa zimekatika. Hukuinua kichwa. Ulisema: "Mwalimu, wimbo iko na mwenyewe. Solo haina mwenyewe. Mule ndani njo naachiaka bantu nafasi, kila mutu aingie na mufu wake, ule mwenye alizika. Sasa mukijaza majina ya bakubwa, bafu betu batakaa wapi?"

Nimesoma vitabu vingi juu ya ufasaha, Bauma. Sijakuta jibu lililo bora.

Na kwa sababu ya nafasi hiyo ulipigana. Wakumbuka parokia ilipokuletea spika mpya? Ile ya zamani ilikuwa imepasuka, na katika mpasuko huo ndimo ilimotoka ile sauti ya kukwaruza uliyoitafuta miaka, sauti ya rock kama ya kaseti ya fundi. Mtu mwema aliiona imechanika, akaitupa, akakufungia nyingine nzima, safi, kama zawadi. Ulimshukuru kwa adabu zote. Kisha ulikaa chini kama mtu aliyefiwa. Kesho yake ulichukua wembe, ukaichana ile mpya mwenyewe, taratibu, ukijaribu sauti kila baada ya mkato. Mama Nyota mkeo alisimama mlangoni, akasema kwa upole kwamba ameolewa na mwanaume anayepasua vitu vipya, basi ajihadhari.

Sasa sikia yaliyotokea tangu ulipotuacha. Maharagwe yametoka vizuri. Mama Nyota amevuna na wamama wa korali walimsaidia. Gitaa lako linaning'inia ukutani, halijaguswa. Korali imepata kinanda cha betri chenye kitufe cha kutoa sauti ya gitaa, na kila Jumapili yule anayekipiga anabonyeza kitufe hicho, nami natazama miguu yangu mpaka amalize. Watu wanasema ni maendeleo. Huenda ni kweli.

Kisha kamati ilikutana kupanga siku ya leo. Nilikwenda na ombi moja. Nilisema: tunayo solo moja ya Bauma iliyo safi, isiyo na jina la mtu ndani yake, ile ya Kibabi. Wageni, mnisamehe, hata hiyo lazima niieleze. Tulialikwa harusini Kibabi, na mvua ilikuwa imeloweka vyombo. Waya wa kipaza sauti cha Bahati ukafa. Alijaribu kuushikilia kwa meno, akaupiga kwenye goti, akaapa, ukabaki umekufa. Bauma akafika kwenye solo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna aliyesema wakati anapiga. Mimi nilikuwa na simu mkononi, nikarekodi. Alianza na sauti moja, akaipinda. Wali ulikuwa unagawiwa, na waliokuwa wanagawa walisimama na vijiko hewani. Mama mmoja muuza maziwa, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika mwanawe, aliweka dumu chini na kujifunika uso kwa kitenge. Bwana harusi alimshika mkono bibi harusi kana kwamba kuna mtu anakuja kumchukua. Solo ilipokwisha, hakuna aliyepiga makofi. Tulisikia mbuzi tu. Ulinitazama, Bauma, na ulikuwa na sura ya mtu aliyefika juu ya Ngungu.

Niliiomba kamati tuipige hiyo leo, watu wakiwa kimya. Basi.

Mwenyekiti aliuliza ni nani atakayewasalimu wageni wa heshima muda wote huo. Mwingine aliuliza kama watu hawatadhani mashine imeharibika. Nikajibu, nikafafanua, nikatoa mifano, unajua ninavyosema. Wote walitikisa vichwa kwa kukubali, na baadaye wakaandika katika programu: solo ya marehemu, pamoja na animateri. Nilipolalamika, Bahati aliinuka. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema: "Mwalimu, mimi natajaka bakubwa benye biko hai, halafu rafiki yangu nimunyamazie? Siku hiyo sitataja mutu mwingine. Nitamuita yeye tu, Bauma, Bauma, mwanzo mpaka mwisho. Mutu akikosa kuitwa kwenye matanga yake, si njo amekufa kabisa?"

Nilikaa chini. Mimi, ambaye watu hunituma kila mahali nikaseme kwa niaba yao. Niliona kosa lake lote, na niliona upendo wake wote, na vilikuwa kitu kimoja. Angekuheshimu kwa kukufunika. Kwetu tunajua kumheshimu mtu kwa kumtaja tu. Kwa kunyamaza tunajua kumnunia. Nitamlaumuje mtu kwa kukupa kile ambacho sote tumefundishwa kuwa ndicho kikubwa kuliko vyote? Na bado nililaumu. Nilitoka nje bila kuaga, jambo ambalo mwalimu hapaswi kulifanya.

Nilipita kwa Mama Nyota kumwambia kwamba nimeshindwa. Alikuwa anachambua maharagwe. Alichagua kijiwe, akakitupa nje, akasema: "Jina yake naijua. Miji yote inaijua. Mimi nataka kusikia mukono yake."

Ni maneno machache, Bauma, na yalifanya kazi ambayo hotuba yangu haikuifanya. Nilirudi kwa mwenyekiti nikamwomba nafasi ya hotuba, mwanzoni kabisa mwa muziki. Alifurahi. Alidhani nimekubali yaishe, kwamba mwalimu akipewa dakika zake za kusema atatulia. Hakujiuliza jambo dogo ambalo sherehe zetu zote hulisahau: kipaza sauti ni kimoja, na anayekishika ndiye anayeamua.

Kwa hiyo sasa nasema nawe, Bahati, kaka yangu, maana naona umeshaanza kusogeza kiti. Kaa. Unisamehe mbele ya watu hawa wote. Hukipati. Umemwita Bauma miaka yote, naye alikuwa hapo hapo kando yako, akingoja unyamaze ili akuitikie. Mwache leo aitikie. Nawe una mama uliyemzika mwaka jana. Nakusihi umwingize, nafasi ipo.

Nanyi wazee, hakuna atakayetajwa. Msidhani tumewanunia. Na mashine haijaharibika.

Bauma, nilitaka kukuandikia barua tulivu, ya shukrani, kama inavyofaa mtu wa umri wangu. Imenishinda. Nimeudhika kwamba ulingoja waya uharibike ndipo usikilizwe. Nimeudhika kwamba nilihitaji ujanja ili kupata kimya cha dakika chache kwa mtu aliyetupa sauti maisha yake yote. Nimeudhika kwamba sitakuuliza tena solo ile ya tatu inaishia wapi. Lakini nakuahidi hili, na mashahidi ni hawa: gitaa lako halitakaa ukutani likila vumbi, litapigwa katika korali hii, spika ikiwa imechanika vilevile ulivyoichana. Na kila litakapobaki peke yake, mimi nitakuwa nimesimama karibu na kipaza sauti, nimekishika, nimekizima.

Lala salama, ndugu yangu. Ukitusikia huko upande wa pili wa spika, ujue hatujaondoka.

Simu nimeshaiunganisha na spika. Mwalimu wako mwenye maneno mengi ameyamaliza yote. Piga.