Siku Mgombea Alipomkana Baba

Mkunya, Newala

Kaka Fikirini, shikamoo.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa jirani yetu Nikolao barua hii, anakuja huko Tunduru. Mikorosho imechanua vizuri. Maji bado tunanunua. Mama Salome amejifungua salama.

Baba anaumwa, kaka. Mwezi uliopita mgombea ubunge alifika madrasani kwake. Alitaka kujua jinsi Waislamu wa kale walivyopima nyota na kuanzisha aljebra. Baba alifurahi mno, akamfundisha mchana kutwa. "Sheikh, nimesoma hadi chuo kikuu na haya sikuambiwa," mgombea akasema, wakapiga picha.

Picha ilipoenea, wapinzani wakadai alikuja kupigiwa ramli. Kwenye mkutano wa Newala akaulizwa, nami nilikuwepo. Akacheka. "Mzee yule? Simjui. Mimi sina mambo na wachawi."

Kesho yake vijana wakaja na mawe. Nyumba wameichoma. Baba walimvunja mkono wa kulia, na Nikolao ndiye aliyemwokoa. Sasa hakuna mzazi anayeleta mtoto madrasa.

Nimemsihi ahamie kwako, amekataa. "Nikiondoka, Sikudhani," ameniambia, "watasema kweli nilikuwa mchawi."

Basi tunaishi kwenye jiko la nje. Kila asubuhi anakaa mlangoni ili watu wamwone, na wanaopita hawamsalimu.

Njoo, kaka, japo umsalimie wewe.

Mdogo wako,
Sikudhani