Chura wa Bafuni Kwako

Gulfton, Houston
Aprili 2019

Dada Furaha mpendwa,

Nawasalimu wewe, Shemeji, na mtoto wetu Amani. Je, kikohozi cha Amani kimeisha? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mgongo wa Mama, ambao humuuma kila akitoka kutandika vitanda hotelini. Baba amesahihisha barua hii mahali pawili, mengine ameniachia mwenyewe.

Dada, wiki ya tatu sasa simu yako haipatikani. Baba anasema huenda imeharibika tu. Mimi nadhani umenikasirikia kwa sababu ya yule chura. Tungekuwa bado pamoja kule kambi ya wakimbizi, ungenikemea asubuhi na jioni tungekula sahani moja.

Nakumbuka ulivyotuambia kwamba Shemeji akienda kiwandani kukata nyama, huna jirani hata mmoja anayejua Kiswahili, na anayekusikiliza ukiimba huku unafua ni chura wa kijani wa bafuni. Nilicheka, lakini nakuelewa. Hata mimi nikitoka shule najifungulia mlango kwa ufunguo ninaouvaa shingoni, na nyumba inakaa kimya mpaka Mama arudi.

Siku uliyotuma picha, chura alikuwa wa kahawia. Shemeji aliogopa kwa ajili ya Amani, ambaye hutia kila kitu mdomoni. Alikuwa amesikia kazini kwamba huko kwenu Australia kuna chura mwenye sumu aliyeletwa kutoka nchi nyingine. Nilimsikia kwenye simu, nyuma yako, akisema, "Kaletwa kama sisi, maskini, lakini hakai na mwanangu." Ukaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimejisifu kwenu kwamba kazi yangu ya shule inahusu vyura wa huko. Niliona aibu kusema sijui. Nikatazama rangi tu, nikajibu, "Huyo siye wako, Dada. Mtoeni." Shemeji akamtia kwenye ndoo, akaenda kumwacha ng'ambo ya kijito.

Juzi maktabani nilipata kitabu kikubwa chenye picha. Kinasema yule wa kijani hugeuka kuwa wa kahawia akipata baridi au akikaa gizani. Nilikifunga nikakaa nacho mapajani, hadi mama wa maktaba akaniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo usianze na rangi, Dada. Tazama vidole. Wako ana ncha pana za mviringo, ndizo zinazomshikilia ukutani, na ngozi yake ni nyororo. Yule wa sumu hapandi ukuta laini, ana vipele mwili mzima na uvimbe mkubwa nyuma ya kila jicho. Yuko pia chura mwingine mwenyeji wa huko, wa kijivu, ukimwona amekaa utasema hana lolote, lakini akiruka mapaja yake ni ya manjano yenye mabaka meusi. Huyo nampenda sana. Nimemchora mara nne.

Hapa kwetu yuko mmoja karibu na taa ya chumba cha kufulia. Ni wa kijani kama wako, ila ana mstari mweupe kuanzia mdomoni hadi ubavuni. Jana nilimwimbia wimbo wako wa kufulia. Alikaa hadi nilipomaliza, ingawa maneno ya mwisho nimeyasahau.

Kitabu kinasema chura wa namna ya wako huweza kurudi mahali alipopazoea, hata akipelekwa mbali. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri. Baba anamsalimu mkwe wake, anasema hakukosea kumlinda mwanawe. Kosa ni langu. Mbebe Amani mgongoni kwa niaba ya mama yake mdogo.

Chura akirudi, hata akiwa wa kahawia, mwangalie vidole, kisha mwache aingie. Nitumie picha yake kwa simu yoyote utakayoazima. Hata usipoandika neno, nitajua kwamba mmerudi nyote wawili.

Mdogo wako akupendaye,
Riziki